Chuma cha Boti ya Lalit

Mosocho,
7 Machi 1971

Kwa Baba mkwe, Mzee Cleophas Nyangate,

Salaam nyingi kutoka kwangu na kwa binti yako Bosibori. Sisi ni wazima. Twaomba macho yako yawe yamepata nafuu, na Mama pia awe hajambo.

Unisamehe kwa kukuandikia Kiswahili. Kwa lugha yetu ensoni, ile haya ya wakwe, ingenifunga mkono, kwa maana mtu hamletei baba wa mkewe maswali ya namna hii, wala hasimami mbele yake akibishana. Lakini kwa Kiswahili naweza kujifanya mimi ni kibarua na wewe ni mkuu wa karakana, kama ulivyokuwa mkuu wa mafundi wengi hapa mjini.

Shida yenyewe ni hii. Bwana Lalit wa duka la vipuri, ambaye bado ni mwajiri wangu, ana boti yake ya kujifurahisha ziwani siku za mapumziko. Ameivuta kwa terela kutoka Homa Bay na sasa iko nyuma ya duka, hapa Kisii. Akina mama wa ndizi wote wa sokoni wamekwisha kuja kuitazama. Injini haina neno. Ugonjwa uko kwenye dashibodi. Nikifungua swichi, geji zinasimama vizuri. Nikiwasha taa, zinalala. Honi inakohoa tu. Nikiongeza pampu ya kutoa maji, taa zinakuwa nyekundu na pampu yenyewe inazunguka kwa shida. Betri ni mpya, nimeipima mwenyewe.

Lalit, kama Wahindi wengine wasio raia, amenyimwa leseni ya biashara, na kabla ya mwaka kwisha atawafuata ndugu zake ng'ambo. Kuna mtu wa Kisumu anayetaka kuinunua hiyo boti, naye atakuja kuiona majini siku ya Pasaka. Lalit ameniahidi kwamba ikiuzwa bila aibu, karakana ataniachia mimi. Baba, nafasi kama hii sitaipata tena. Nisaidie.

Mkweo,
Obwocha Manasseh


Nyaramba,
12 Machi 1971

Mkwe wangu Obwocha,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, nimekaa mlangoni penye mwanga na kioo cha kukuza nimekibandika puani. Ukungu wa macho unazidi. Lakini umeme hata zamani nilipoona vizuri sikuwahi kuuona, kwa hiyo hapo hatujapoteza kitu.

Umefanya vema kuniuliza. Kuuliza si ujinga. Vijana wa siku hizi wakiona taa imefifia wanabadilisha betri, wanabadilisha dinamo, mwisho mwenye gari naye anabadilisha fundi.

Sasa sikiliza. Umeme wako unapungua njiani. Betri inatoa volti kumi na mbili na dashibodi inapokea tisa, basi hizo tatu kuna mahali zinaliwa. Usipime wakati vitu vimezimwa, maana hata mvivu akiwa amelala huonekana mtu mzima. Washa kila kitu, taa na pampu, na honi mtu aibonyeze asiachie. Kisha weka mguu mmoja wa mita kwenye kichwa cha betri upande wa chanya, na mwingine nyuma ya geji pale waya wa chanya unapoingia. Mita itakuambia umeme unaopotea wakati wa kwenda. Halafu fanya vivyo hivyo upande wa hasi, ujue unaopotea wakati wa kurudi. Upande utakaozidi nusu volti ndiye mwizi wako.

Usikate waya wowote kabla ya kupima. Mficha maradhi kifo humuumbua, na waya nao huficha maradhi mpaka uutwike mzigo.

Ningekuja mwenyewe. Lakini kwa miguu hii na mvua hizi, nikija leo siwezi kurudi leo, na wajua kwamba kwa mila yetu siwezi kulala katika nyumba ya mkwe. Watu wangesema Cleophas amekosa kwao. Basi kazi tutaifanya kwa posta.

Mama Bosibori anawasalimu.

Cleophas Nyangate


Mosocho,
19 Machi 1971

Baba mkwe,

Nimepima kama ulivyosema, na Lalit mwenyewe akiwa amebana honi mpaka majirani wakaja kulalamika. Wakati wa kwenda umeme haupotei hata nusu volti. Wakati wa kurudi zinapotea karibu tatu. Umesema kweli bila hata kuiona.

Waya wa kurudi ni mwembamba kama wa kengele ya nyumbani, na umeliwa na kutu ya kijani pale unapopita chini ya sakafu penye maji maji.

Boti yenyewe, Baba, ni kazi nzuri ya mikono. Mbao zake zimeungana hata wembe haupiti. Tena ni nyepesi. Tulipoiinua tuitoe kwenye terela nifuatilie huo waya, tulikuwa watu sita tu.

Nilikuwa nafikiri, kama utaona inafaa, pengine tutandaze waya mpya ulio mnene wa kurudi, kutoka mbele mpaka nyuma kwenye betri. Lakini ninangoja neno lako.

Mkweo,
Obwocha


Nyaramba,
26 Machi 1971

Obwocha,

Si nilikuambia? Mwizi hukamatwa akiwa na mzigo.

Watu sita! Naona ugali wa Bosibori umekupa mabega. Mbao za viti na sakafu waachie maseremala, wewe shughulika na umeme.

Hilo la waya mpya wa kurudi liache kabisa. Hiyo ni kazi ya mtu asiyejua kwamba chuma chote ni waya. Gari lina waya gani wa kurudi? Taa inafungwa kwenye bodi, betri inafungwa kwenye bodi, umeme unajua njia ya kwenda kwao. Nilipokuwa jeshini walinipeleka bandari ya Kisumu kutengeneza taa za meli ya serikali. Ukigonga nyundo mbele, aliye nyuma anaisikia miguuni. Chuma kitupu, na mafundi wake walifunga hivyo hivyo. Na boti ni nini kama si mdogo wake meli?

Kwa hiyo ukate huo waya mwembamba uutupe. Kutoka dashibodi, tafuta chuma kilicho karibu zaidi. Kwangua rangi, piga msasa mpaka king'ae, kaza kwa bolti, paka grisi. Nyuma nako, funga hasi ya betri kwenye chuma kwa namna hiyo hiyo. Ukiwasha, geji zitasimama zenyewe.

Usiniulize tena mpaka ziwe zimesimama.

Cleophas Nyangate


Kisii,
30 Machi 1971

Mzee Cleophas, salaam sana.

Mimi Lalit. Siandiki barua Kiswahili siku nyingi, utanisamehe.

Mkwe wako kijana mzuri, kazi safi, lakini wiki hii sijui ameingiwa na nini. Barua yako amenisomea mwenyewe. Wewe umesema funga kwa chuma. Yeye amesoma, amekunja, ametia mfukoni. Kesho yake anasema tununue waya mnene. Nimemuuliza, kwani Mzee amekosea? Anasema hapana, Mzee hawezi kukosea. Nimeuliza, basi waya ya nini? Anatazama chini, anasema ni mawazo yake tu.

Mimi najua kuuza vipuri, kufunga sijui. Lakini miaka yote hii lori zangu umetengeneza wewe, hata moja haijarudi na ugonjwa ule ule. Kwa hiyo sema mmoja tu nani sawa, mimi nitafuata. Pasaka iko karibu na yule bwana wa Kisumu hatangoja.

Binti yangu Jyoti anakusalimu. Ile sumaku ulimpa akiwa mtoto bado iko mezani kwake.

Lalit


Nyaramba,
3 Aprili 1971

Obwocha,

Lalit ameniandikia, nami nimemjibu kwamba afuate neno langu na asinunue waya wowote. Wewe nakuandikia kando, kwa sababu haya si ya kusikiwa na mtu wa nje.

Umenivua nguo mbele ya mtu niliyemtumikia kwa heshima tangu ukiwa shule. Kama una jambo, kwa nini hukuniambia mimi? Na kama huna, kwa nini unanung'unika pembeni mpaka tajiri wako anaanza kuuliza kama mzee amezeeka? Macho yangu yamekwisha, akili bado. Sikumtoa Bosibori kwa mtu wa kusema ndiyo mdomoni na hapana moyoni.

Fanya kazi kama nilivyokuagiza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Cleophas Nyangate


Mosocho,
7 Aprili 1971

Baba mkwe mheshimiwa,

Nimesoma barua yako na sikula chakula siku hiyo. Naomba radhi. Sikukusudia kukushushia heshima. Lalit aliponiuliza kama umekosea nilisema hapana, na hata leo akiniuliza nitasema hapana.

Kazi nimeifanya kama ulivyoagiza. Chuma kilichokuwa karibu na dashibodi ni nguzo ya usukani. Kutoka kwenye hiyo nguzo kuna kamba ya waya inayozungushwa na usukani, inapita ubavuni juu ya roda, vile vigurudumu vya kuongozea kamba, mpaka nyuma kwenye injini, na hapo kwenye injini ndipo nilipofunga hasi ya betri. Tumewasha kila kitu. Geji zimesimama karibu kumi na mbili na honi imekimbiza mbuzi wa sokoni. Lalit alipiga makofi, akasema, umeona mkono wa Mzee?

Nina swali moja dogo, Baba, na tafadhali usilione kama ubishi. Umeme ukipita kwenye chuma kinachosogea na kusuguana, je, chuma hicho kinaweza kudhurika? Nauliza ili nijifunze tu.

Tutaishusha majini Jumatatu ya Pasaka, na mimi ndiye nitakayeshika usukani. Bosibori ananicheka kwamba sijui kuogelea. Nimemwambia, huku kwetu milimani nani anajua?

Ukiweza, nijibu mapema.

Mkweo mtiifu,
Obwocha


Nyaramba,
13 Aprili 1971

Obwocha,

Barua yako nimeipata leo. Posta walifunga kwa ajili ya Pasaka na mkoba wote ukalala Nyamira.

Ondoa waya huo hapo leo hii. Kamba ya usukani si bodi! Ndiyo, chuma kinachosogea kinadhurika, na vibaya. Pale kwenye roda patakuwa na cheche kila mnapokata kona, nazo zitaila ile kamba uzi kwa uzi. Huku nchi kavu usukani unakaa tu, kwa hiyo huwezi kuona lolote. Ikikatika mkiwa majini mtapoteza usukani, na umeme utakosa njia ya kurudi, pampu nayo itakufa papo hapo. Mwambie Lalit nimesema mimi: boti isiguse maji tena mpaka ufunge upya.

Kwani hakuna chuma kingine katika boti nzima? Unanishangaza sana.

Swali lako lilikuwa la fundi hasa. Nilikuandikia kwa hasira, na hasira ya mzee ni ya kupita. Mkishamaliza kazi hiyo njoo na Bosibori. Mama yake amefunga jogoo na hataki kuniambia ni wa nani.

Cleophas Nyangate


Mosocho,
24 Aprili 1971

Baba,

Siku ya mazishi ya mume wangu ulikaa na wazee wa kwetu Nyaramba kule kwenye migomba, na hukuweza kuja karibu yangu. Mkaondoka jua likiwa bado juu. Kwa hiyo nakuandikia kwa Kiswahili, kama alivyokuwa akifanya yeye, kwa sababu haya siwezi kukuambia kwa lugha yetu.

Barua yako ya mwisho ilifika akiwa amekwisha kuzikwa. Niliifungua mimi. Umeuliza kama hakuna chuma kingine katika boti nzima.

Hakuna, Baba. Boti ni ya mbao. Yote ni mbao, ubavu na tumbo, na dashibodi yenyewe pia.

Yaliyotokea nimeyasikia kwa Jyoti, kwa maana alikuwamo. Walikuwa watatu, yeye na baba yake na Obwocha, na mnunuzi amesimama ufukweni anawatazama. Walikwenda vizuri. Mchana upepo ukaamka na mawimbi yakaanza kumwaga maji ndani. Obwocha akawasha pampu, nayo ikafanya kazi. Wimbi kubwa likaja, akakata usukani kwa nguvu ili alikabili. Jyoti anasema aliona cheche ubavuni, akasikia harufu ya kuungua, kamba ikakatika. Usukani ukawa unazunguka bure mikononi mwake, na pampu ikanyamaza wakati ule ule. Boti ikageuka ubavu kwa mawimbi, ikapinduka. Obwocha alimsukumia Jyoti mto wa kiti. Wavuvi wa pale waliwakuta Jyoti na baba yake wameshikilia mbao. Yeye walimpata kesho yake.

Mume wangu alijua, Baba. Kila barua yako alinisomea. Nilimwambia, mwandikie tu kwamba boti ni ya mbao, maneno manne. Akanijibu, "Nikimwandikia hivyo, nitakuwa nimemwambia baba yako kwamba hajui alichosema, tena Lalit akiwa amesimama begani kwangu anasoma." Alijaribu kukuonyesha kwa mbali. Alikutajia mbao, alikutajia uzito. Ulicheka habari za ugali wangu. Kisha ukamwandikia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na tangu siku hiyo hakuzungumza tena habari za waya mnene. Alisikia la mkuu.

Sasa kuna jambo jingine. Polisi wamemweka Lalit ndani. Ndugu za Obwocha wamesema kwamba Mhindi alijua boti ni mbovu akampeleka mtoto wao majini ili aiuze haraka ahame, na mjini watu wanaanza kuliangalia duka lake kwa jicho baya. Polisi walimuuliza ni nani aliyesema umeme upitishwe kwenye kamba ya usukani. Akasema yeye hajui mambo ya umeme. Jina lako hakulitaja. Jyoti amejifungia dukani peke yake, akisikia kishindo mlangoni anadhani wamekuja na moto. Boti wameiweka nyuma ya kituo cha polisi.

Sikuambii la kufanya. Ukisema, watu watajua mume wangu alikufa kwa kukuonea haya, na ile heshima aliyokutunzia mpaka akafa nayo itamwagika chini. Usiposema, mtu asiye na kosa ataozea ndani. Mimi nimechoka na siwezi kuchagua. Amua wewe, ndiwe mkuu.

Bosibori


Nyaramba,
29 Aprili 1971

Binti yangu Bosibori,

Barua yako nilisomewa na mama yako. Alipofika kwenye yale maneno manne nilimwambia asome tena. Akasoma. Kisha aliweka barua chini akatoka nje, na mpaka sasa hajasema nami.

Nilimwambia mumeo kwamba kuuliza si ujinga. Yeye aliuliza, tena kwa adabu. Mimi ndiye sikuuliza. Swali la kwanza la fundi, kabla hajagusa mita, ni kwamba hiki kimeundwa kwa kitu gani. Vibarua wangu niliwafukuza kazi kwa kosa dogo kuliko hilo. Niliona ile meli ya Kisumu kichwani mwangu nikaitengeneza hiyo, na boti ya mumeo sikuijali kabisa. Inaniuma, mwanangu. Usiku na mchana inaniuma.

Nakuja Jumamosi. Nitakwenda kwanza kwa polisi niwaambie ni nani aliyeagiza chuma. Halafu nitakuja kwenu nisimame mbele ya ndugu zake, niwaambie kwa lugha yetu, si kwa Kiswahili. Najua baba wa mke hasimami hivyo mbele ya wakwe. Wakitaka kunitukana wanitukane. Heshima aliyonitunzia Obwocha haitamwagika, kwa sababu nitasema alinitii, na aibu iliyobaki ni ya kwangu peke yangu. Mpelekee Jyoti habari hii mapema, alale.

Kabla ya kuingia kwa polisi nataka unishike mkono unipeleke huko nyuma ya kituo. Macho yangu hayataniambia kitu, lakini nataka niiguse hiyo boti.

Sitaweza kurudi siku hiyo hiyo. Nimewauliza wazee wa hapa kama ninaweza kulala nyumbani kwako. Wamesema naweza, kwa kuwa mkwe hayupo.

Baba yako,
Cleophas Nyangate